Kushi: Ustaarabu Unaosomeka Usieleweke

Wanafunzi wa shule zetu za sekondari, wanapoulizwa ni ustaarabu upi wa kale wanaopenda kujifunza, aghalabu hutaja Misri kwanza, kisha Roma, kisha Uyunani au Babeli. Wakiulizwa sababu, hutaja ukubwa wa mapiramidi, unene wa kuta na wingi wa nchi zilizotekwa. Hatuwalaumu, kwani hata maneno tunayoyatumia yanatuelekeza huko. Ustaarabu, kwa asili ya neno lenyewe, ni kufanana na Waarabu. Na utamaduni umetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na madina, yaani mji. Hivyo basi, kabla hatujafungua kitabu, tumekwisha kabidhiwa vipimo viwili: kufanana na mgeni, na kuwa na mji. Matumizi ya leo yameyapa maneno hayo maana pana zaidi, wala hatudai kwamba yaachwe. Lakini mhakiki hana budi kukijua kipimo chake kabla ya kupima.

Sisi tumeichagua Kushi, dola iliyostawi katika bonde la mto Naili, kusini mwa Misri, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Hatukuichagua kwa ukubwa wake. Tumeichagua kwa kuwa yamfunza msomaji, kwa uwazi kuliko nyingine tuzijuazo, kuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa mambo ya kale apaswa kuuliza: nani anasema? Kushi imesemewa na majirani zake, na maadui zake, na wachimbaji wa karne hizi za karibuni. Yenyewe iliacha maneno yake juu ya mawe, na maneno hayo, mpaka leo, twaweza kuyatamka lakini mengi yake hatuyaelewi.

Yafaa kwanza tuikumbuke historia yake kwa ufupi. Mji wa Kerma ulianza kustawi yapata mwaka 2500 K.K., na ukaendelea hadi ulipotekwa na Misri karibu na mwaka 1500 K.K. Hapo pamesimama hata sasa jengo la matofali ya udongo liitwalo Deffufa, lenye kimo cha kadiri ya meta 18. Baada ya kutawaliwa na Misri kwa karne kadhaa, Wakushi waliinuka tena, makao yao yakiwa Napata, chini ya mlima wa Gebel Barkal. Mfalme wao Piye, karibu na mwaka 730 K.K., aliufuata mto kwenda kaskazini akaishinda Misri; na ukoo wake uliitawala nchi hiyo mpaka ulipoondolewa kwa nguvu za Waashuru katika karne ya 7 K.K. Kisha kitovu cha dola kilihamia kusini zaidi, Meroe, mji wa wafua chuma, ambako wafalme na malkia walitawala hadi karne ya 4 B.K.

Sasa tuwasikilize waliosema. Wa kwanza ni Wamisri, ambao katika maandishi yao waliizoea desturi ya kuitaja nchi hiyo kwa jina la Kushi dhalili. Walikuwa maadui, na adui hatarajiwi kusifu. La kushangaza ni kwamba, baada ya miaka zaidi ya elfu tatu, wataalamu wa kisasa waliyapokea maneno ya adui kana kwamba ni ushahidi. George Reisner, Mmarekani aliyechimba Kerma kuanzia mwaka 1913 hadi 1916, aliyakuta makaburi makubwa ya mviringo, na ndani yake sanamu za Kimisri. Akakata shauri kwamba waliozikwa humo walikuwa maliwali kutoka Misri. Reisner alikuwa mchimbaji hodari, na kumbukumbu alizoziandika zinatumika hata leo. Lakini hakuwaza kwamba mfalme Mwafrika wa Kerma angeweza kuzikwa kwa fahari ile pamoja na vitu vilivyotoka ugenini. Uchunguzi wa baadaye, hasa wa Charles Bonnet kutoka Uswisi kuanzia miaka ya 1970, umebainisha kwamba Kerma ulikuwa mji wa wenyeji na makaburi yale ni ya wafalme wao. Wahenga walisema, nyumba usiyolala huijui ila yake.

Lakini uhakiki wetu hautakuwa wa haki kama tutawakosoa wageni tu. Miongoni mwetu wamo wanaoisifu Kushi kwa sababu moja: kwamba ilimshinda Mmisri. Wengine huhesabu mapiramidi yake, zaidi ya 200, wakafurahi kwamba ni mengi kuliko ya Misri. Sifa hizi zina ukweli, na zilihitajika katika siku ambazo watoto wetu walifundishwa kwamba Afrika haina historia. Hata hivyo, tazameni kipimo kinachotumika. Bado ni Misri inayopima na Kushi inayopimwa. Bado mfalme hatajwi mpaka ateke, na mji hautajwi mpaka uwe na mawe mengi. Mwenye kusifiwa kwa kufanana na jirani yake bado hajasifiwa kwa nafsi yake.

Tuchukue maandishi yenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa maandishi. Mwaka 1862 lilipatikana Gebel Barkal jiwe refu lenye mistari 159, linalosimulia vita vya Piye. Mtu anayelisoma kwa kutafuta ushindi ataupata: miji iliyozingirwa, wakuu waliosujudu, hazina zilizotolewa. Lakini mshairi atasimama penye tukio jingine. Mji wa Hermopolis umekwisha salimu amri. Piye anaingia katika jumba la Nimlot, mkuu wa mji. Wake na mabinti wa jumba wanamwamkia, naye hawageuzii uso. Anakwenda zizini. Huko anawaona farasi waliokonda kwa njaa ya kuzingirwa, na ghadhabu inampanda. Anaapa kwamba mateso ya farasi hao yanamchoma kuliko uovu mwingine wote wa Nimlot. Katika maandishi ya wafalme wa kale, ambayo mengi ni orodha ya maadui waliokatwa vichwa, hapa tunamwona mtu mwenye tabia yake. Na si pambo la mtunzi tu, maana huko El-Kurru, penye makaburi ya ukoo huo, yamefukuliwa makaburi ya farasi waliozikwa kwa heshima.

Hata hivyo, utenzi huo wa nathari, mzuri kama ulivyo, umeandikwa kwa lugha na hati ya Misri. Lugha waliyoisema Wakushi majumbani mwao haimo. Iliwabidi watu wa Meroe, kama karne tano baadaye, waiache njia hiyo. Walichukua maumbo kutoka hati ya Kimisri, yenye alama kwa mamia, wakayapunguza yakawa 23, wakayatumia kuandika sauti za lugha yao, irabu zikiwamo. Kazi hii tungeiweka juu ya mapiramidi yote. Kuazima si aibu. Washairi wa pwani yetu nao waliazima herufi za Kiarabu, wakaandika kwazo tenzi za Kiswahili, na tenzi hizo hazikuwa za Kiarabu kwa sababu ya herufi. Meroe vilevile iliazima wino, si ulimi.

Ndipo linapokuja jambo la kusikitisha. Mwaka 1911, Mwingereza Francis Griffith alikuwa amekwisha zitambua sauti za herufi hizo, akisaidiwa na jiwe lenye majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore yaliyoandikwa kwa hati zote mbili. Tangu hapo mwanafunzi yeyote mwenye bidii aweza kujifunza kuzitamka. Maana ndiyo iliyofichika. Vita vya Meroe na Roma, vilivyopiganwa baina ya mwaka 25 na 21 K.K., twavijua kwa kalamu ya Strabo, aliyekuwa upande wa Roma. Mwaka 1914 lilipatikana Hamadab, karibu na Meroe, jiwe lenye majina ya malkia Amanirenas na Akinidad, ambalo wengi hudhani linavitaja vita hivyo kwa upande wa pili. Huenda majibu ya Strabo yamo humo. Twayatazama, twayatamka, na hatuwezi kuyafasiri.

Tulichokifahamu ni kidogo, na chenyewe kina uzito. Juu ya mawe ya makaburi imerudiwarudiwa dua moja, na ndani yake wataalamu wameyatambua maneno mawili: ato, yaani maji, na at, yaani mkate. Marehemu anaombewa anywe maji mengi na ale mkate mwingi. Dola iliyopigana na Roma, katika lugha yake yenyewe, inatuambia kwanza kuhusu maji na mkate. Mwanafunzi anayetafuta utukufu wa watu wa kale na aanzie hapo.

Pana hitimisho moja ambalo baadhi ya watu hulifikia upesi. Husema: tazameni, Piye alipoandika kwa lugha ya wengi alieleweka, Meroe ilipoandika kwa lugha yake ilipotea, basi tuandike kwa lugha za wakubwa wa dunia ili tusisahauliwe. Tunalipinga hitimisho hili. Lugha ya Misri nayo ilikuwa imefungwa kwa karne nyingi, mpaka ikafunguliwa mwaka 1822 kwa msaada wa Kikopti, mjukuu wake, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa makanisani. Wala Kimeroe hakikupotea kwa kuandikwa. Kilipotea kwa sababu waliokisema walikoma kukirithisha. Kama kisingeandikwa, tusingekuwa hata na neno la maji.

Na ufunguo wake uko wapi? Mtaalamu wa Kifaransa Claude Rilly, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, alionyesha kwamba Kimeroe kina undugu na lugha ambazo zingali hai: lugha za Wanubi wa bonde la Naili (tusizichanganye na Kinubi cha Kibera na Bombo, ambacho asili yake ni Kiarabu), lugha ya Wanara wa Eritrea, na lugha ya Wanyima wa milima ya Nuba. Kwa kulinganisha maneno ya watu hao, baadhi ya maneno ya mawe yameanza kufahamika. Tulitafakari jambo hili, walimu wenzetu. Hazina ya dola ya kale haimo makumbusho peke yake; imo vinywani mwa wachungaji na wakulima ambao wakubwa wa mijini huenda wanazicheka lugha zao. Bibi mmoja wa kijijini akifariki bila kurithisha lugha yake, jiwe la Hamadab nalo linazidi kufunga mdomo.

Hatari hiyo si ya kubuni. Katika miaka ya 1960, bwawa kubwa la Aswan lilipojengwa, mataifa yalichangia kwa moyo mwema kuyahamisha mahekalu yasizame. Wanubi wapatao laki moja, wa Misri na Sudan, walihamishwa pia, wakapelekwa mbali na vijiji vyao. Mahekalu yalihesabiwa jiwe kwa jiwe. Maneno ya waliohamishwa hayakuhesabiwa hivyo. Tena vita vilivyozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023 viliwatawanya watu kwa mamilioni, na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yaliporwa. Vitu vilivyoporwa vyaweza kutafutwa. Lugha iliyotawanyika haina orodha ya kuitafutia.

Nasi hapa kwetu tunayo mawe yasiyosema. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, waliishi watu waliochimba mifereji na kutengeneza mashamba ya kumwagilia yenye eneo la kadiri ya kilomita 20 za mraba, wakayaacha katika karne ya 18. Hawakuacha hati. Katika kuwatafuta, wataalamu wamewaendea majirani walio hai, kama vile Wasonjo, ambao wangali wanagawana maji ya mifereji kwa utaratibu wao wa kale. Njia ni ileile ya Meroe: jiwe linafafanuliwa na mtu aliye hai.

Kiswahili kimetuunganisha, na hatutarudi nyuma katika hilo. Lakini nchi yetu ina lugha zaidi ya mia moja, na kila moja imebeba majina ya mbegu, ya mifereji, ya nyota na ya magonjwa ambayo hayajaandikwa popote. Tunapendekeza kwamba kila somo juu ya ustaarabu wa kale liambatane na kazi ndogo: mwanafunzi aende kwa wazee wake na daftari, aandike maneno 50 yanayohusu maji na chakula katika lugha yao, na maana zake kwa Kiswahili. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni. Watu wa Meroe waliandika neno lao la maji, wala hawakujua kwamba atahitajika mtu wa kulifasiri. Sisi tunajua.