Kengele ya tangi na saketi isiyomaliza betri

Maji ya mgao yakija usiku, tangi la juu hujaa na kumwagika watu wamelala. Dawa yake ni ndogo: betri ya volti 9, waya mbili ndani ya tangi, buza ya pizo isiyo na saketi ndani, na osileta ya kuiliza. Mafundi wengi hapo hukimbilia chipu ya 555, na wana sababu. Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics, ina miguu 8 tu, haikosekani madukani, na hesabu zake kila mwanafunzi wa elektroniki anazijua. Hata hivyo, kwa kengele ya tangi naiona ni chaguo baya, kwa sababu ya yale masaa mengi ambayo kengele iko kimya.

Kwa volti 5, 555 ya kawaida hula miliampea 3 hadi 6 hata kama haiendeshi chochote, na volti zikipanda ulaji nao hupanda. Betri ya alkalaini ya volti 9 ina takriban miliampea-saa 500. Kwa ulaji wa miliampea 5 tu, betri imekwisha baada ya saa 100, siku nne na kidogo, na huenda tangi halijajaa hata mara moja. Kuizima kwa mguu wa 4 hakuokoi kitu: sauti hukoma, ulaji unaendelea. Zipo 555 za CMOS zinazokula kama mikroampea 100, na hizo zingefika miezi kadhaa. Lakini mlio unaokatikakatika ndio unaomwamsha mtu, na mlio huo unahitaji osileta mbili: moja ya sauti, nyingine ya kuikata. Hapo utaweka 555 mbili, au 556 yenye miguu 14, na ule udogo ulioufuata umeshapotea.

Jozi ya transista inawezekana pia, ila rezista na kapasita zake hujaza bodi upesi. Kristali ni ya saa na redio. Sikio halihitaji usahihi huo.

Mimi ningeweka 4093. Ina miguu 14, lakini ndani mna mageti manne ya NAND yenye maingizo ya Schmitt, na ikitulia, kwa joto la kawaida la chumba, haizidi mikroampea chache. Swichi ya kuwasha na kuzima haihitajiki tena. Schmitt ni Otto Schmitt, Mmarekani aliyebuni saketi hiyo mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi, katika utafiti wa mishipa ya fahamu ya ngisi. Ingizo lake lina vizingiti viwili, cha kupanda na cha kushuka. Maji yanapochezacheza kwenye ncha za waya, geti la kawaida lingetetemeka. Hili husubiri mpaka volti zivuke kizingiti cha pili. Vizingiti hivyohivyo ndivyo vinavyoligeuza geti kuwa osileta kwa rezista moja na kapasita moja.

Kuna mtego mmoja katika kuunganisha. Waya mmoja wa tangi huenda kwenye chanya, wa pili kwenye ingizo moja la geti la kwanza (geti hilo ndilo osileta ya kuikata sauti), na rezista ya megaohmu 1 kutoka hapo hadi hasi. Tangi likiwa halijajaa, ingizo liko chini, na tokeo la NAND liko juu. Ukilipeleka tokeo hilo moja kwa moja kwenye osileta ya sauti, buza italia mfululizo tangi likiwa tupu. Kwa hiyo geti la pili linageuza ishara, la tatu linatoa sauti, la nne linaigeuza sauti hiyo. Buza ikikaa kati ya tokeo la tatu na la nne, inapata msukumo maradufu bila transista yoyote.

Kwa mkato wa karibu mara 2 kwa sekunde, weka kilohmu 680 na mikrofaradi 1. Kwa sauti ya kilohezi 3, nanofaradi 10 na kama kilohmu 41. Hiyo rezista ya pili iwe ya kurekebishwa, maana vizingiti vya 4093 hutofautiana sana: kwa volti 10, cha juu chaweza kuwa popote kati ya 4.6 na 7.1. Zungusha polepole mpaka buza ipige kwa nguvu zaidi. Hapo umefika kwenye masafa yake ya asili.

Mfumo ukitulia, tokeo la tatu liko juu na la nne liko chini, hivyo buza inakaa na volti 9 usiku na mchana. Haili umeme, kwa kuwa pizo ni kama kapasita, lakini volti za kudumu kwenye unyevunyevu huidhuru. Weka kapasita ya nanofaradi 100 mfululizo nayo, na rezista ya megaohmu 1 sambamba na buza.