Kuazima na Kupakua: Istilahi za Maktaba Mbele ya Msomaji

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumiwa na wakutubi na walimu tangu intaneti ilipoingia katika kazi zao.

Taasisi ya Elimu Tanzania imeuita mkusanyo wake wa vitabu vya shule katika intaneti Maktaba Mtandao. Wapo wanaolikosoa jina hili kwa kuwa halina kiunganishi. Sisi hatukubaliani nao. Bata maji ni bata akaaye majini. Vivyo hivyo maktaba mtandao ni maktaba iliyomo mtandaoni. Umbo hili ni la Kiswahili halisi.

Kasoro imo katika vitenzi. Tumchukue mwanafunzi wa kata ya Malangali, Sumbawanga, aliyezoea maktaba ya mkoa. Huyu anajua maana ya kuazima: ni kuchukua kitabu kwa ahadi ya kukirudisha siku iliyopangwa. Sasa walimu wana vishikwambi, maana vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 waligawiwa wao. Mwanafunzi anaposikia, "Pakua kitabu," ana haki ya kuuliza: Nikirudishe lini? Je, nikikipakua, mwenzangu atakikosa? Mpishi akipakua wali wote, chungu hubaki kitupu. Shehena ikipakuliwa, jahazi hubaki tupu. Katika intaneti kitabu hakiondoki kilipo. Kinachomfikia msomaji ni nakala.

Aidha, zipo maktaba duniani zinazoazimisha vitabu vya kielektroniki kwa muda maalumu, na muda ukiisha kitabu hujifunga chenyewe. Msomaji aliyeambiwa "pakua" hudhani kitabu ni chake, kumbe kitamfungia katikati ya maandalizi ya mtihani. Tena, anayesomea mtandaoni hutumia kifurushi kila anapofungua kitabu, hali aliyekwisha kuchukua nakala huweza kuisoma bila intaneti. Kwa mwanafunzi asiye na fedha, tofauti ya vitenzi hivi ni tofauti ya kusoma na kutosoma.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) kuazima kubaki kwa kila kitabu chenye siku ya kurudi, kiwe cha karatasi au cha kielektroniki;

(b) kupakua nakala kutumike pale ambapo nakala hubaki kwa msomaji;

(c) kusoma mtandaoni kutumike pale ambapo hakuna kinachobaki.

Lawama ya kwanza ni yetu wasanifu. Tumejitahidi kutafuta majina ya vyombo, kama vile kishikwambi na tovuti, lakini vitendo vya msomaji tumeviacha vijitafutie maneno. Wakutubi hukutana na maswali yake kila siku. Hatuna budi kuwaomba waweke daftari mezani, waandike maneno ambayo wasomaji huyatumia na yale yanayowatatiza, kisha watuletee kabla hatujasanifu. Orodha isiyopitia katika meza hiyo isihesabiwe kuwa imekamilika.