Mzigo Kiliotwishwa Kitenzi «Chukua»

Miongoni mwa makosa yanayojitokeza mara kwa mara katika tafsiri zitokazo maofisini, lipo moja ambalo si rahisi kulitambua kuwa ni kosa, kwa sababu kila neno lililomo ndani yake ni la Kiswahili. Mfasiri hukutana na kitenzi cha Kiingereza «take», naye papo hapo huandika «chukua», kisha akaendelea na safari yake. Tumeonelea vyema tukitazame kitenzi hicho katika toleo hili, kwa kuwa madhara yake hayaishii katika ubaya wa sentensi tu.

Mwingereza hukitumia kitenzi hicho kimoja katika mambo mengi yasiyohusiana, na maana yake hutegemea jina linalokifuata. Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi mbalimbali. Picha hupigwa, kiapo huliwa, mtihani hufanywa, basi hupandwa, joto la mgonjwa hupimwa. Mgeni aliyeingia ofisini huombwa akae; akiambiwa achukue kiti, asilaumiwe akikibeba akatoka nacho. Na mwalimu wa darasa la kwanza hasemi «tano chukua tatu», bali «tano toa tatu». Hayo ni mepesi, na wafasiri walio wengi hawayakosei.

Ugumu unaanza tunapouliza «chukua» yenyewe ni nini. Kwa asili ni kitenzi cha begani na kichwani: kuchukua ni kubeba, na ndiko walikotoka mchukuzi na uchukuzi. Katika kubeba huko zimezaliwa maana nyingine ambazo hazikuazimwa popote. Chungu huchukua pishi mbili, basi huchukua abiria 60, mwanamke huchukua mimba, kijana huwachukua wazazi wake waliozeeka, yaani huwalisha na kuwatunza, na majirani wenye subira huchukuliana. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaoifuta kwa wino mwekundu sentensi kama «kazi hii itachukua siku tatu», wakidai kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Ikiwa chungu chaweza kuchukua pishi mbili, kazi nayo yaweza kuchukua siku tatu.

Pale jambo linapokuwa la kutia mkononi au kumiliki, lugha yetu inacho kitenzi kingine, nacho ni «twaa». Siku hizi wengi hukiona kuwa ni cha msikitini na kanisani tu, na «chukua» kimekisukuma pembeni. Jambo hili limewahi kuwafika Waingereza wenyewe. Kitenzi chao hicho kiliingia nchini mwao na watu wa Skandinavia takriban miaka elfu moja iliyopita, kikakiondoa kitenzi cha wenyeji, «niman», ambacho ndugu yake angali hai katika Kijerumani. Kwa hiyo hatusemi kwamba «twaa» hakiwezi kufa. Tunachosema ni kwamba bado tuna kazi ya kukipa.

Sheria inatuonyesha kazi hiyo. Sheria ya mwaka 1967 inayoiwezesha Serikali kujipatia ardhi kwa manufaa ya umma huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Utwaaji Ardhi, na aliyeliteua jina hilo aliteua vyema: ardhi haibebwi. Linganisha na kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoeleza wizi. Humo mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Hapo «chukua» ndiyo yenyewe, maana ndani yake tayari umo mwendo wa mzigo. Ukiweka «twaa» umeipunguzia sheria sehemu ya maana yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, uteuzi wa namna hii umekuwa kazi ya kila siku ya wafasiri wetu, na mshtakiwa anayesomewa shitaka lake ana haki ya kusikia kitenzi kilichopimwa.

Tuje kwenye dawa, ambako kosa laweza kumfika mtu mwilini. Tumepata kuona karatasi ya maelezo iliyomwagiza mgonjwa «achukue vidonge viwili kutwa mara tatu». Mama aliyesimama kwenye dirisha la dawa akisoma hivyo ataelewa kwamba arudi pale mara tatu kuvichukua. Hilo laweza kuchekesha, lakini lipo jingine lisilochekesha. Kiingereza kikisema «take» hakijaeleza dawa inaingiaje mwilini. Kimemwachia mgonjwa au mwuguzi akamilishe. Kiswahili hakina njia ya kulikwepa swali hilo. Vipo vidonge vya kumeza, vya kutafuna, vya kumumunya, vya kuyeyushwa katika maji kisha vikanywewa, kama baadhi ya vile vya malaria wanavyopewa watoto, na viko vya moyo ambavyo huwekwa chini ya ulimi visimezwe kabisa. Mfasiri wa maelezo ya dawa hawezi basi kufasiri kitenzi hiki bila kuijua dawa yenyewe. Akikosa mtu wa kumwuliza, ni heri airudishe karatasi kuliko kuandika «chukua», au hata «tumia», ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa haikosei wala haielezi.

Kuhusu «take place» tutasema machache. Tumesikia kwamba mkutano fulani «utachukua nafasi Jumatatu». Katika Kiswahili anayechukua nafasi huchukua nafasi ya mwingine, na msikilizaji abaki akiuliza ni mkutano gani ulioondolewa. Mkutano hufanyika na ajali hutokea.

Linabaki neno ambalo watumishi wa Serikali hawatapenda tuliguse: «kuchukua hatua». Kwa Waswahili hatua hupigwa. Hata hivyo msemo huu umekwisha kuota mizizi, wala hatuna nia ya kuung'oa. Umekwisha kuzaa hata sarufi yake, maana leo twasema «mtumishi huyo atachukuliwa hatua», ambapo anayechukuliwa ni mtumishi na hatua imebaki nyuma kama mkia. Asiyeuzoea msemo huu angedhani mtumishi mwenyewe ndiye atakayebebwa, na pengine hakukosea sana.

Ubaya wake tunauona katika matumizi. «Hatua kali zitachukuliwa» ni sentensi isiyo na mtendaji wala tendo. Mwandishi wa barua hakusema nani atafanya nini, naye msomaji hana la kushika: hajui kama ataonywa, atakatwa mshahara, atashushwa cheo au atapelekwa mahakamani, na kila moja kati ya hayo lina utaratibu wake na njia yake ya kukata rufani. Mtu asiyejua anatishiwa nini hawezi kujitetea. Tunawaomba makarani na wakuu wao wajaribu jambo moja: kila wanapotaka kuandika «hatua», waandike tendo lenyewe. «Asiporejea kazini ifikapo tarehe iliyotajwa, Mkurugenzi atasimamisha mshahara wake.» Wakishindwa kulitaja tendo, huenda ofisi yenyewe haijaamua, na hapo barua ingojee.

Wasomaji walio na mifano mingine ya kitenzi hiki watuletee, hasa wale wa mahakamani na wa hospitalini. Katika toleo lijalo tunakusudia kukitazama kitenzi «make», ambacho kimekifanya «fanya» chetu kuwa mtumwa wa kila kazi.