Mti wa Mwiko

Mchonga vinyago hutafuta mti utakaotazamwa. Mchonga miiko hutafuta mti utakaoingia chunguni. Hawa wa pili hawafunguliwi maonyesho, lakini mimi ndio ninaowavulia kofia.

Mwenye kutaka mwiko wa kujionyesha hukimbilia mpingo. Ni mweusi, unang'aa, na kwa uzito unaokaribia kilo 1,200 kwa mita ya ujazo huzama majini. Lakini huchukua miongo mingi kukomaa, na watengeneza klarineti wa Ulaya wanaugombania. Kuukorogea maharage ni israfu. Muhuhu nao unanukia mno. Uji wa mgonjwa hauhitaji marashi. Mwarobaini, waliouhamia wachongaji wengi wa Kenya baada ya miti hiyo miwili kuadimika, ni mzuri kwa twiga na vifaru. Katika mchuzi wangu hauingii, kwa uchungu wake.

Kwangu mwembe ndio mti. Ule uliozeeka, uliochoka kuzaa, ukikatwa uani hauna harufu ya kukera, na unaikubali tezo ukiwa bado mbichi. Ubaya wake ni wadudu: gogo likiachwa nje mvua ikalinyeshea, limekwisha. Basi huchongwa mapema, kisha hukaushwa kivulini polepole, maana jua kali huupasua. Mzeituni mwitu wa nyanda za juu ni mgumu zaidi na hudumu zaidi, ila gharama yake huilipa mkono wa mchongaji.

Tena jina la mti halitoshi. Gogo la mwiko mwema hupasuliwa kwa shoka, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi zenyewe; msumeno hukata popote unapoelekezwa. Kiini cha katikati hutupwa, nyufa huanzia hapo. Kifundo kwenye mpini hakisameheki: kusonga ugali wa watu kumi si mchezo, mabega yote mawili yanaegemea kijiti hicho kimoja. Na tawi lililopinda, ambalo wewe na mimi tungelifanya kuni, fundi mwenye jicho hulichonga upawa, kwa kuwa nyuzi zake zinapinda pamoja na shingo.

Ukienda sokoni, usianze na rangi wala bei. Ugeuze mwiko ubavu, ufuatishe nyuzi kwa kidole. Zikitoka mpinini hadi kwenye bapa bila kukatika, lipa. Zikikata shingo mshazari, mrudishie mwenyewe.