Kura za Zamani na Mipaka Iliyohama

Anayelitafuta Eneo Bunge la Embakasi kwenye ramani ya sasa ya Kenya hataliona. Mwaka 2007 lilikuwepo, na wapiga kura waliojiandikisha humo walizidi 200,000. Leo kuna Embakasi Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Eldoret Kaskazini nalo halipo tena. Ardhi yake imo Turbo na Soy. Juja lipo, ila si Juja lile, kwa maana Thika Mjini na Ruiru yamechomolewa humo yakawa maeneo bunge yanayojitegemea.

Sasa mtu achukue matokeo ya urais ya 2007 ayaunganishe na faili la mipaka ya leo kwa kulinganisha majina. Programu haitalalamika. Embakasi na Eldoret Kaskazini zitabaki nyeupe, na Juja ndogo ya leo itapakwa rangi kwa kura za watu wa Thika. Ramani itatoka safi, yenye ufunguo na mizani, na itakuwa ya uongo. Ramani kama hizo husambazwa kila msimu wa uchaguzi, watu wakabishana juu yake, wengine wakatukanana. Kura hueleweka ndani ya mipaka iliyokuwepo siku zilipopigwa. Kazi nzima ya kuchora historia ya uchaguzi ni kuirudisha mipaka hiyo, au kuonyesha kwa uwazi jinsi ulivyoihamisha.

Idadi yenyewe inaonyesha ukubwa wa tatizo. Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa na maeneo bunge 117 ya Baraza la Wawakilishi. Seneti ilipovunjwa, viti vyake 41 vilitafutiwa nafasi katika bunge moja, na maeneo bunge yakawa 158. Mwaka 1988 yakafika 188, mwaka 1997 yakawa 210, na kuanzia mapitio ya 2012 yako 290, yenye wadi 1,450 chini yake. Hakuna eneo bunge unaloweza kulifuata kwa jina tangu uhuru hadi leo ukiwa na hakika kwamba unazungumzia ardhi ile ile.

Nambari nazo hazisaidii. Tume ya uchaguzi ya zamani, ECK, ilianza kuhesabu Nairobi: Makadara lilikuwa 001 na Embakasi 008. Tume ya sasa, IEBC, inaanza Mombasa: Changamwe ndilo 001, na Mathare la Nairobi linafunga orodha likiwa 290. Anayeunganisha majedwali ya 2007 na 2013 kwa nambari atawapa watu wa Changamwe kura za Makadara. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kugusa rangi yoyote, ni kutengeneza jedwali la ulinganifu: kila eneo bunge la kila mwaka lipewe utambulisho wake pamoja na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, kisha iandikwe lilirithiwa na yapi. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo ndiyo kazi yenyewe. Yanayofuata ni mapambo.

Jedwali likishakamilika, kuna njia tatu za kulinganisha uchaguzi wa enzi mbili.

Iliyo salama kuliko zote ni kupanda juu. Turbo na Soy zikiunganishwa, unapata eneo linalokaribiana na Eldoret Kaskazini ya zamani, nawe unaweza kulinganisha bila kubuni kitu. Ukipanda zaidi unafika kwenye kaunti, na hapo Kenya ina bahati. Kaunti 47 za Katiba ya 2010 zilifuata wilaya za sheria ya 1992, hivyo matokeo ya uchaguzi wa vyama vingi tangu Desemba 1992 yanaweza kujumlishwa kikaunti kwa mashaka machache. Ila usichukue data iliyopangwa kwa jina la wilaya tu bila kuuliza ni wilaya za mwaka gani. Sensa ya 1999 ilitumia wilaya 69, ile ya 2009 ikatumia 158, na katikati wilaya zilikuwa zikitangazwa majukwaani. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2009 kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali.

Hasara ya kupanda juu ni kwamba unapoteza undani. Kaunti ya Nakuru nzima haikuambii lolote kuhusu tofauti ya Molo na Rongai. Ndipo watu hukimbilia njia ya pili, ya kuzigawa kura za eneo la zamani katika maeneo mapya. Wengi hugawa kwa ukubwa wa ardhi kwa sababu kompyuta hulifanya hilo kwa dakika moja. Tuseme eneo bunge lililopiga kura 40,000 limekatwa vipande viwili: mji unaochukua sehemu moja ya kumi ya ardhi na kukaliwa na asilimia 70 ya watu, na malisho yanayochukua sehemu iliyobaki. Ukigawa kwa ardhi, mji utapewa kura 4,000, na ng'ombe watakuwa wamepiga 36,000.

Kugawa kwa idadi ya watu ni afadhali, kwa kutumia hesabu za sensa katika lokesheni ndogo. Lakini hapa pana mashimo mawili. La kwanza ni sensa zenyewe. Mwezi Agosti 2010 serikali ilizikataa takwimu za sensa ya 2009 za wilaya nane za kaskazini, za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, ikidai zimevimba, na suala hilo likaishia mahakamani. Anayetumia takwimu hizo kugawa kura za kaskazini anapaswa kumwambia msomaji hivyo kwenye ramani yenyewe, si kwenye kiambatisho. Shimo la pili ni kubwa zaidi: kugawa kwa idadi ya watu kunachukulia kwamba wakazi wa mji na wa mashamba yanayouzunguka walipiga kura kwa namna moja. Ikiwa mgombea alipata asilimia 60 katika eneo zima, kila kipande kitapewa asilimia 60. Tofauti uliyokuwa ukiitafuta umeifuta kwa mkono wako mwenyewe.

Ndiyo maana njia ya tatu, ya kujenga kutoka kituo cha kupigia kura, inastahili jasho lote linalomwagika. Na hapa kuna jambo la Kenya ambalo mchoraji akilijua linamrahisishia kazi: vituo vingi ni shule za msingi. Mipaka ya maeneo bunge imehama, wilaya zimezaliwa na kufa, mikoa imeondoka, lakini shule ya msingi iliyokuwa kituo mwaka 1992 aghalabu bado iko pale pale na bado ni kituo. Serikali ilipozindua tovuti yake ya data huria Julai 2011, orodha ya shule za msingi na viwianishi vyake ilikuwa miongoni mwa data zilizowekwa wazi. Kila kituo kikipata nukta yake kwenye ramani, mipaka hugeuka kuwa kitu unachokibadilisha utakavyo: unadondosha nukta za 2007 ndani ya mipaka ya 2012, unajumlisha, na umepata kura za kale katika umbo la leo bila kukisia.

Tatizo ni majina. Shule yenye jina la mtakatifu imo karibu kila kaunti, na tahajia hubadilika kutoka orodha moja hadi nyingine. Usiiachie kompyuta ilinganishe majina nchi nzima. Ifungie ndani ya wadi au lokesheni kwanza, ndipo ulinganishe, kisha yaliyobaki uyapitie kwa macho. Kuanzia 2013 msimbo wa kituo unasaidia, kwani unabeba ndani yake kaunti, eneo bunge, wadi, kituo na mkondo, yaani chumba kimoja cha kupigia kura ndani ya kituo. Mikondo ijumlishwe kuwa kituo kimoja, la sivyo shule kubwa itaonekana kama shule kumi.

Uchaguzi wa 2022 ndio uliofungua mlango huu wazi kabisa. IEBC iliweka hadharani picha za fomu 34A, za matokeo ya urais, kutoka mikondo 46,229, na yeyote mwenye intaneti aliweza kujumlisha. Fomu hizo ziliandikwa kwa mkono, usiku, na maafisa waliochoka, kwa hiyo kila safu inayonakiliwa ipimwe: kura za wagombea wanne zilingane na jumla ya kura halali, na jumla isizidi waliojiandikisha, ambao kwa mkondo mmoja hawapaswi kupita 700. Fomu isiyojumlika itiwe alama na ihifadhiwe kama ilivyo. Kuirekebisha kimyakimya ni kuharibu ushahidi.

Kuna chaguzi ambazo hazistahili kupakwa rangi sawa na nyingine. Mchujo wa chama cha KANU wa 1988 ulifanywa kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya wagombea, na aliyetangazwa kupita asilimia 70 akaingia bungeni bila kupingwa. Hakuna karatasi ya kura ya kuhesabu tena, kwa hiyo ramani ya mwaka huo inaonyesha kilichotangazwa tu. Mwaka 1992 zaidi ya viti 15 vya KANU, vingi vikiwa Bonde la Ufa, vilipita bila mpinzani. Hapo asilimia 100 si kipimo cha mapenzi ya watu, na panastahili rangi ya kijivu. Kuhusu urais wa 2007, tume ya Jaji Johann Kriegler ilisema Septemba 2008 kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mimi ningeuchora mwaka huo wote kwa mistari ya mshazari juu ya rangi, na ningekataa kutoa ramani isiyo na mistari hiyo. Na katika marudio ya uchaguzi wa urais ya Oktoba 2017, maeneo bunge 25 ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hayakupiga kura. Sufuri si sawa na kutokuwepo; hayo yabaki matupu.

Tukija kwenye kuchora kwenyewe, Kenya imekaa juu ya ikweta, hivyo namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi haipotoshi sana. Kinachopotosha ni mtawanyiko wa watu. Mgombea urais Raila Odinga alishinda Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa mwaka 2022, kaunti tano zenye zaidi ya asilimia 40 ya ardhi ya nchi. Ramani ya mshindi kikaunti inamwonyesha akiwa amefagia. Matokeo rasmi yalikuwa kura 7,176,141 za William Ruto dhidi ya 6,942,930 zake, pengo la 233,211. North Horr peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na Mathare haifiki 10, lakini kila moja ina mbunge mmoja. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha viti, mpe kila mbunge pembesita moja yenye ukubwa sawa. Ukitaka kuonyesha kura, weka duara katika kila eneo bunge, ukubwa wake ufuate idadi ya kura na rangi ifuate pengo. Rangi iwe na ngazi. Eneo lililoshindwa kwa 51 kwa 49 lisifanane na lililoshindwa kwa 95 kwa 5, kwa sababu hapo ndipo "ngome" za kubuni huzaliwa na majirani wakahesabiwa kuwa wa kabila moja na kura moja.

Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Machi 2024 muda huo ulipita tume ikiwa haina makamishna. Mapitio yatakapofanyika, tume ichapishe siku ile ile mambo matatu: faili za mipaka mipya, faili za mipaka inayoondoka, na jedwali linaloonyesha kila kituo kimetoka wapi na kimeenda wapi. Na kwa msomaji uliyewahi kuwa wakala wa chama, ikiwa sandukuni mwako kuna nakala ya fomu ya matokeo ya 1992, 1997, 2002 au 2007, usiichome. Ipige picha pande zote mbili, andika jina la kituo na la eneo bunge la wakati huo, kisha ipeleke kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Nairobi.