Mwanasaikolojia wa Redioni Anazungumza na Nani?

Tuseme mama kapiga simu studio. Mume hamsemeshi, wiki ya tatu sasa, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena. Baada ya dakika nne mwanasaikolojia kashatamka: mtoto ana msongo, wazazi wakae chini wazungumze. Linaingia tangazo la sabuni. Wewe uliye kwenye daladala unatikisa kichwa, huyu mtaalamu ni moto!

Ngoja kidogo. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena anaweza kweli kuwa na msongo. Anaweza pia kuwa na kisukari, maambukizi ya njia ya mkojo, au choo kigumu. Kliniki wangeuliza kama anakunywa maji kupita kawaida na kama amepungua uzito, kisha wangempima mkojo. Hewani, swali la pili linakula muda wa tangazo.

Mbona basi jibu lilikuingia vizuri hivyo? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake kipimo cha haiba, kisha kila mmoja akapewa "majibu yake". Waliyaona sahihi kwa wastani wa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu! "Nyumba yenu haina mawasiliano" ni sentensi ya aina hiyo. Nyumba gani itakataa?

Wanasaikolojia wenyewe wamewahi kuvutana kuhusu hili. Miaka ya 1970 vipindi vya kupiga simu vilipopamba moto Marekani, Toni Grant akiwa mmoja wa waliovuma Los Angeles, maadili ya chama chao, APA, yalitaka uchunguzi na tiba vibaki ndani ya uhusiano wa kitaalamu. Mwaka 1981 kanuni zikalegezwa: ushauri wa binafsi redioni ukaruhusiwa, ilimradi mtaalamu atumie ujuzi wa karibuni na uangalifu wa juu kabisa. Kanuni za sasa zinamtaka asimfanye msikilizaji aone kwamba uhusiano huo umeshaanza. Kwa lugha yetu: yule mama si mteja wake. Lakini je, yeye mwenyewe anajua hilo, wakati anaambiwa "niko na wewe, dada yangu"?

Mwaka 1995 Ian Hutchby alichambua simu za kipindi cha ushauri nchini Uingereza. Aliona kwamba mtaalamu hujibu swali, halafu huongeza maelezo ambayo mpigaji hakuyaomba. Hapotei njia. Anawahudumia wale wengine wanaosikiliza. Mpigaji mmoja ndiye mfano, darasa ni sisi.

Kama darasa, vipindi hivi vina thamani kubwa. Mzazi aliyekuwa anamchapa mtoto kwa kukojoa kitandani akisikia kwamba si utundu, fimbo inaweza kuwekwa chini usiku huohuo. Lawama yangu ni pale darasa linapojifanya chumba cha tiba. Na usidanganywe na simu za shukrani: aliyepona hupiga tena, aliyeharibikiwa hapigi. Hata "Dkt." mbele ya jina haitoshi. Laura Schlessinger wa Marekani alikuwa na leseni ya ushauri wa ndoa, lakini udaktari wake ni wa fiziolojia.

Kwa hiyo ukisikiliza leo jioni, hesabu vitu vitatu. Ameuliza maswali mangapi kabla ya kujibu? Amesema hata mara moja "hili siwezi kulijua kwa simu"? Amemwelekeza mpigaji mahali pa kwenda, akataja kituo na si "tafuta msaada" tu? Akikosa vyote vitatu, furahia kipindi kama mchezo wa redio. Mtoto mpeleke akapimwe mkojo.