Chombo Kisemacho na Chombo Bubu

Mtu akisifu chombo cha kale, aghalabu husifu rangi na umbo lake. Sisi twaona liko jambo la kupimwa kwanza: chombo hicho kikiondolewa mahali pake, je, chaweza bado kusema?

Wachina wa enzi ya Shang, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, walimimina shaba na bati katika kalibu za udongo, wakafanyiza vyombo vya kuwaandalia wazee wao waliokufa chakula na pombe. Baadaye, katika enzi ya Zhou, vingi viliandikwa ndani habari za mwenyewe. Kimoja, Mao Gong Ding, kilichowekwa Taipei, kina herufi karibu 500. Kuvikusanya si jambo jipya; mwaka 1092 mtaalamu Lü Dalin alivitungia kitabu chenye picha. Vingi vimetawanyika duniani, na hasara ni kubwa. Walakini chenye maandishi huchukua ushahidi wake popote kiendapo.

Basi na tutazame kwetu. Sisi tukaao Kiranjeranje tu majirani wa Kilwa Kisiwani. Mabakuli ya kauri ya China yalifika huko kwa vyombo vya bahari, na katika msikiti mdogo wenye kuba mafundi walipachika mabakuli ya kung'aa darini. Kunduchi nako nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya China, na baadhi zimebaki vishimo vitupu, kwa kuwa mabakuli yamebanduliwa. Bakuli kama hilo halina jina la tajiri aliyelinunua, wala la fundi aliyelipachika. Ushahidi wake wote ni mahali lilipo. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, vigae vilimsaidia kupima umri wa majengo, kwa sababu alivikuta katika tabaka zake za udongo. Kigae kile kile kabatini mwa mtu ni pambo tu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba anunuaye kitu cha magofuni hukiokoa. Huokoa udongo uliochomwa, na habari zake huziua. Makumbusho yaandikayo kwa uangalifu kila kitu kilikotoka ni jambo jingine. Nawe, msomaji, ukiona kigae magofuni, kitazame, ustaajabu, kisha ukiache pale pale. Maana hapo ndipo penye ulimi wake.